Injini ya lori imechoka: uifanye upya au ununue nyingine?

Fundi akifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, akaona moshi unafuka pale kama mvuke wa birika, neno lake huwa moja: "Mzee, hii injini imeisha." Ukiwa na haraka, na mzigo wa mtu umelala Mlolongo, utalichukua neno hilo kama lilivyo na kuanza kutafuta pesa. Mimi nililichukua hivyo mara ya kwanza. Nilikuwa na Canter ya injini ya 4D33, nikalipa ikafanywa upya yote: slivu (mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka), pistoni, ringi zake na beringi. Baada ya miezi mitano ikaanza tena kufuka na kula oili.

Kilichoiua ni mpira wa hewa unaotoka kwenye chujio la hewa kwenda kwenye injini. Ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali jicho halifiki. Siku nilipouvua nilipitisha kidole ndani, kikatoka na vumbi jekundu laini kama unga wa wimbi. Ni vumbi la njia ya machimbo ya mawe ya Ndarugo, na lilikuwa limezisaga slivu mpya kama msasa tangu siku ya kwanza. Tulipoifungua injini ile, hakuna aliyeuangalia mpira huo, fundi wala mimi.

Tangu hapo sikubali kuuliza bei ya spea wala ya injini nyingine kabla sijapitia hatua hizi. Nyingi zitakugharimu asubuhi moja na kikombe cha chai cha fundi.

Hatua ya 1: Hakikisha mgonjwa ni injini

Lori likikosa nguvu likipanda kutoka Mai Mahiu kuja Limuru, washukiwa ni wengi. Klachi inayoteleza huifanya injini ingurume bila gari kwenda. Breki iliyoshika gurudumu moja hula nguvu kimyakimya. Simama, sogeza mkono karibu na rimu, utausikia moto wake kabla hujagusa. Chujio la dizeli lililoziba, uchafu ndani ya tangi, pampu ndogo ya kuvuta mafuta iliyochoka: vyote hivyo hutoa dalili zilezile ambazo watu huziita injini kuisha.

Uangalie moshi, lakini usiuamini peke yake. Moshi mweusi ni dizeli nyingi au hewa chache, na mara nyingi dawa yake ni chujio la hewa au nozeli, yaani kinyunyizio cha dizeli. Moshi mweupe asubuhi ya baridi ya Julai, unaokwisha injini ikipata moto, ni dizeli isiyoungua vizuri; ukiendelea na maji ya rejeta yanapungua, shuku gasketi ya silinda hedi, yaani kichwa cha injini. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na huo ndio unaowatia watu hofu. Lakini oili hupita pia kwenye turbo iliyochoka na kwenye sili za vali. Vua mpira unaotoka kwenye turbo. Ukikuta oili imetuama humo na shafti ya turbo inacheza ukiishika kwa vidole, shughulikia turbo kwanza.

Kugonga nako hudanganya. Nozeli mbovu inaweza kugonga hadi uape ni konrodi, mkono unaoshika pistoni. Kwa injini za zamani zenye pampu ya kawaida, fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli, silinda moja baada ya nyingine, injini ikiwa inazunguka polepole. Mlio ukipotea kwenye silinda moja, ipeleke nozeli hiyo kwenye mashine ya kupimia kabla ya kusema lolote lingine. Jambo hili usilifanye kamwe kwa injini za komoni reli, zile zinazoongozwa na kompyuta, kama 4HK1 ya Isuzu FRR za sasa. Dizeli ndani ya mabomba yale ina presha ya zaidi ya bar 1,000, na mchirizi wake hupenya ngozi ukaingia mwilini. Kwa injini hizo, nozeli huzimwa moja moja kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari.

Hatua ya 2: Pima, na uandike

Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa, na ndipo mafundi wengi huruka.

Anza na kompresheni, yaani jinsi kila silinda inavyobana hewa. Pasha injini moto, hakikisha chujio la hewa ni safi na betri zimejaa, kisha zitolewe nozeli zote au plagi za kupashia moto. Zima mafuta, funga geji kwenye silinda ya kwanza, piga stata hadi mshale uache kupanda, andika namba. Rudia mara mbili kwa kila silinda. Betri dhaifu itakupa namba za uongo, kwa sababu injini isiyozunguka kwa kasi haijazi hewa.

Sasa jambo ambalo limewafanya watu wa Nairobi wauze injini nzima zenye afya: mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini hubana hewa inayoipata, kwa hiyo geji hapa itasoma pungufu kwa takriban asilimia 18 kuliko ingesoma Mombasa. Kama kitabu cha injini kinasema bar 26, na kipimo hicho ni cha usawa wa bahari, kuona 21 na kidogo Kariobangi si ugonjwa. Nimemsikia fundi akisoma 21, akafungua kitabu, akatikisa kichwa na kuihukumu injini ambayo haikuwa na kosa.

Kwa sababu hiyo, mimi hutazama zaidi tofauti kati ya silinda na silinda. Silinda nne zikisoma 21, 21, 20 na 21, injini hiyo imezeeka kwa usawa na bado ina maisha. Zikisoma 21, 20, 14 na 21, ile ya tatu ina kisa chake. Mimina kijiko kimoja cha oili kwenye silinda hiyo, si zaidi, maana nafasi ya juu ya pistoni ya dizeli ni ndogo na oili nyingi itapinda konrodi. Pima tena. Namba ikipanda sana, hewa inapita kwenye ringi na slivu. Ikibaki palepale, tatizo liko juu, kwenye vali au gasketi, na pengine kazi yako yote ni silinda hedi tu.

Kipimo cha pili ni presha ya oili. Taa ya dashibodi huwaka wakati mambo yameshaharibika, kwa hiyo vua swichi yake na ufunge geji halisi mahali pake. Endesha gari hadi injini ipate moto wa kazi, kisha soma. Kanuni ya mafundi wa zamani ni pauni 10 za presha kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, oili ikiwa moto. Mizunguko 2,000, angalau pauni 20. Ikiwa chini ya hapo, usikimbilie beringi. Chomoa kijiti cha oili ukinuse. Oili iliyochanganyika na dizeli hupoteza presha, na chanzo chaweza kuwa nozeli inayovuja au sili ya pampu. Badilisha oili na chujio lake, uzibe mvujo, ndipo upime upya.

Cha tatu ni kupumua. Injini ikiwa moto na inazunguka polepole, geuza kifuniko cha oili ukiweke juu chini kwenye tundu lake. Kikitetemeka kidogo, hiyo ni kawaida ya dizeli. Kikirushwa, au moshi ukitoka kwa mapigo ya kufuatana, ringi zinapitisha. Linganisha na lori jingine la aina hiyohiyo kama unaweza, maana jicho lisilo na kipimo cha kulinganishia huona ugonjwa kila mahali.

Cha nne nakipenda kuliko vyote kwa kuwa hakidanganyi. Kata chujio la oili kwa msumeno, toa karatasi yake, ikunjue kwenye jua. Ukiona chenga zinazometameta, pitisha sumaku. Zinazonaswa ni chuma: ringi, slivu, gia, kamshafti. Zisizonaswa, za rangi ya fedha au shaba, ni beringi na bushi, na huenda aluminiamu ya pistoni. Chenga za shaba kwenye karatasi zina maana moja: usiendeshe tena. Kila kilomita unayoongeza inaila krenki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, na krenki ndiyo itakayoamua kama injini hii inafaa kufanywa.

Mwisho, pima ulaji wa oili kwa wiki moja ya kazi. Jaza hadi alama, andika kilomita, rudia. Mimi nikiona lori la tani 3 hadi 5 linakula lita moja kwa kilomita 1,000, naanza kuweka akiba. Likila lita moja kwa kilomita 300, natafuta tarehe ya kulisimamisha mwenyewe kabla halijanisimamisha Salgaa usiku.

Hatua ya 3: Tafuta kilichoichosha

Uwe utaifanya upya au utanunua nyingine, ugonjwa usiotibiwa utahamia kwenye injini mpya. Vumbi nimeshalisema. Pitia kila mpira na kila bano kuanzia chujio la hewa hadi injini, na mpira ulioanza kufanya nyufa usiubandike kwa gundi, utupe.

Joto ndilo la pili. Mafundi wetu wengi wana mazoea ya kutoa themostati gari likichemka mara moja, wakidhani wameisaidia injini. Injini isiyo na themostati huenda baridi njia nzima, oili haipati moto wa kutoa unyevu, matope hujaa ndani, na slivu huisha mapema. Rudisha themostati, safisha rejeta, na uangalie klachi ya feni.

La tatu ni mafuta. Dizeli iliyochanganywa na mafuta taa ni nyepesi, haina ulaini wa kulinda pampu na nozeli. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa kuzuia mchezo huo, lakini dereva anayejaza kwa mitungi kando ya barabara bado anaweza kukuletea balaa. Nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza huosha oili kwenye ukuta wa silinda na hata kutoboa kichwa cha pistoni. Kama pistoni moja tu ndiyo iliyoungua, usifunge injini kabla nozeli zote hazijapimwa.

Na zungumza na dereva kwa heshima, bila kumtisha. Yeye anajua siku gari lilipochemka na lilikuwa limebeba nini. Akiogopa kukatwa mshahara, hatakuambia, na hilo ndilo jambo ulilohitaji kujua kuliko geji zote.

Hatua ya 4: Fungua kidogo kidogo

Usiruhusu injini ivunjwe yote mara moja. Anza na sampu, beseni la oili lililo chini ya injini, gari likiwa palepale. Toa kofia moja ya beringi ya konrodi, kisha moja ya beringi kuu, uzitazame. Beringi nzuri ina rangi ya kijivu iliyofifia. Ukiona wekundu wa shaba, tabaka la juu limekwisha. Pitisha ukucha kwenye shingo ya krenki. Ukucha ukinasa kwenye mchirizi, krenki itahitaji kusagwa.

Ndipo ushushe silinda hedi. Juu kabisa ya silinda, pale ringi ya kwanza inapogeukia, tafuta kwa ukucha kama kuna ngazi. Ngazi ndogo ni umri. Ngazi inayozuia ukucha ni slivu iliyokwisha. Kama bado unaona mistari ya kukingamana iliyoachwa na honi, jiwe la kusugulia slivu, kwenye ukuta, slivu ina afya. Weka rula ya chuma juu ya uso wa hedi, upitishe geji ya mabamba chini yake kupima kama imepinda, na uitazame katikati ya vali, mahali nyufa hupenda kuanzia.

Kufikia hapo njia zinajitenga zenyewe.

Ikiwa krenki ni laini, slivu bado zina mistari na tatizo ni hedi, fanya hedi tu.

Ikiwa ringi zimechoka lakini krenki ni nzima, kazi ya slivu, pistoni, ringi na beringi inaweza kufanywa bila kushusha injini chini. Kwa lori ambalo ungependa likufanyie kazi miaka miwili kisha uliuze, hii inatosha.

Ikiwa krenki imeumia, swali ni kama bado ina nyama. Beringi za kuzidi hutoka kwa daraja za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, ambazo mafundi wetu huziita kumi, ishirini, thelathini na arobaini. Krenki ambayo haijawahi kusagwa ina nafasi kubwa. Iliyoko kwenye thelathini tayari ina nafasi moja tu, na mimi singeipa kazi ya mlimani. Tazama mgongo wa beringi ya zamani, namba yake imepigwa pale.

Na ikiwa konrodi imetoboa bloku, au krenki imevunjika au imepata ufa, acha kuitafakari. Nenda kwenye injini nyingine.

Hatua ya 5: Hesabu siku pamoja na shilingi

Watu hulinganisha bei ya spea na bei ya injini, wakasahau kwamba lori lililosimama linakula. Mkopo haujui kama gari liko gereji. Chukua mfano huu, namba ni za kuonyesha hesabu tu, weka zako. Tuseme lori likifanya kazi hukuachia shilingi 7,000 kwa siku baada ya dizeli na gharama za njiani. Kuifanya upya kunakadiriwa 280,000 na siku 16. Injini nyingine ni 350,000 na siku 5.

Kuifanya: 280,000, ongeza siku 16 mara 7,000, yaani 112,000. Jumla 392,000.

Kuweka nyingine: 350,000, ongeza 35,000 za siku tano. Jumla 385,000, na hapo hujahesabu mipira, oili, mabano, ukaguzi na marekebisho ya waya.

Bei iliyokuwa na pengo la 70,000 imekuwa karibu sawa. Ukishaona hivyo, swali linabaki ni ipi utaijua ndani yake. Injini niliyoifanya mwenyewe najua kila beringi. Ya yadi najua vile muuzaji alivyoniambia. Kwenye kuifanya upya, tenga pia asilimia 15 ya ziada, kwa sababu injini ikifunguliwa haikosi kuomba kitu ambacho hakikuwa kwenye orodha.

Msimamo wangu ni huu. Kwa injini za pampu ya kawaida kama 4D33 ya Canter au 4HF1 na 4HG1 za Isuzu, bloku na krenki zikiwa nzima, naifanya upya. Spea zake zimejaa Kirinyaga Road, ambayo wengi bado tunaiita Grogan, na fundi anayezijua hakosekani kila mtaa. Kwa injini ya komoni reli napima zaidi, kwa kuwa nozeli na pampu ya presha zinaweza kugharimu kuliko bloku yenyewe. Hapo kuna njia ya tatu: nunua injini nusu, yaani bloku na vya chini vyake, ukarudishia hedi, pampu na nozeli zako kama zimepimwa zikafaulu. Kompyuta na waya zako zinabaki zilezile, na maumivu mengi ya kichwa unayakwepa.

Hatua ya 6: Ukiamua kununua

Fika yadi asubuhi, na uje na fundi wako. Kwanza tafuta namba ya injini kwenye bloku. Imepigwa kwenye chuma, na uso wake unapaswa kuwa na ukali uleule wa chuma cha kiwandani. Ukiona pamesuguliwa, pamepakwa rangi nzito pahali hapo tu, au herufi zimepinda kama zilizopigwa kwa mkono, ondoka bila kubishana. Niliwahi kuonyeshwa injini safi mno, iliyooshwa ikang'aa, na mahali pa namba palikuwa na mikwaruzo ya jiwe la gurudumu. Muuzaji akaniambia, "Mzee, karatasi utapata, usijali." Sikungoja nizione.

Kisha zungusha krenki kwa spana kwenye puli, mizunguko miwili kamili. Unapaswa kusikia kila silinda ikikaza na kuachia kwa nguvu moja. Ikinata mahali, au ikizunguka tu kama gurudumu la baiskeli, unajua. Tazama ndani ya matundu ya moshi na hewa kama kuna kutu, alama ya kulala nje au kuingia maji. Fungua kifuniko cha vali uone kama kuna matope meusi. Omba sampu ishushwe na kofia moja ya beringi ifunguliwe. Muuzaji akikataa haya yote, amekujibu.

Omba pia aiwashe chini hapohapo. "Kijana wangu, niwashie niisikie." Betri mbili, mtungi wa dizeli, mpira wa maji, haichukui nusu saa. Na kabla hajaiwasha, gusa bloku. Iwe baridi. Injini iliyopashwa moto kabla hujafika inaficha tatizo la kuwaka asubuhi.

Ulinganishe na yako kabla ya kulipa. Sampu iko mbele au nyuma? Flaiwili na nyumba ya klachi ni za saizi moja? Stata na alteneta ni za volti 12 au 24? Canter zipo za aina zote mbili, na kosa hilo huunguza kila kitu ndani ya dakika. Injini za 4HK1 zilizotoka kwenye malori ya Japani nyingi zilikuwa na chujio la moshi na sensa ambazo lori lililounganishwa hapa Nairobi halina, kwa hiyo jina lilelile halimaanishi injini ileile. Nozeli nyingi za komoni reli zina msimbo, kila moja wake, na msimbo huo lazima uingizwe kwenye kompyuta ya gari lako. Piga picha misimbo yote kabla injini haijaingizwa garini, kwa sababu ikishaingia ni vigumu kuiona tena.

Dai risiti yenye namba ya injini, nakala ya karatasi za forodha, na siku za dhamana zikiwa zimeandikwa. Dhamana ya mdomo huisha ukivuka lango.

Hatua ya 7: Ukiamua kuifanya

Mkabidhi fundi kazi kwa karatasi: nini kinabadilishwa, nini kinapelekwa karakana, siku ngapi. Spea nunua wewe au mnunue pamoja, na uyaweke masanduku na vyuma vya zamani hadi kazi ikamilike.

Karakanani, omba namba. Krenki imesagwa ngapi, kila shingo imepimwa ngapi kwa maikromita. Hedi ijaribiwe kwa presha ya maji au hewa kabla ya kupunguzwa uso, maana hedi yenye ufa ikilainishwa bado ina ufa. Njia za oili za bloku ziondolewe plagi zake zisafishwe kwa brashi na hewa. Kipoza oili hakisamehe: beringi zilipokufa kilikusanya chenga, na kisipofunguliwa kikaoshwa au kubadilishwa, kitazimwaga kwenye beringi mpya siku ya kwanza. Pampu ya oili weka mpya. Boliti za hedi zikazwe kwa spana ya torki, kwa mpangilio wa kitabu, na zile za kukazwa kwa nyuzi za pembe zisitumiwe tena kama kitabu kinasema hivyo.

Pita gereji bila taarifa siku ya kupachika ringi. Mwombe fundi aingize ringi moja ndani ya slivu akupimie pengo lake kwa geji ya mabamba. Fundi anayefanya kazi yake vizuri atakuonyesha kwa furaha.

Hatua ya 8: Karatasi

Ukiweka bloku nyingine, namba ya injini kwenye kitabu cha gari hailingani tena na chuma. Omba mabadiliko kwenye huduma za mtandaoni za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, upeleke gari kwa ukaguzi, kwa Nairobi kituo kiko Likoni Road, na uwe na risiti na karatasi za forodha. Kama gari lina mkopo, mwenye mkopo yuko kwenye kitabu hicho, mwambie kabla. Ijulishe pia bima kwa maandishi, kwa sababu siku ya ajali wa kwanza kusoma namba hiyo atakuwa mkaguzi wao.

Hatua ya 9: Kilomita 1,000 za kwanza

Kabla ya kuwasha, kata mafuta, upige stata kwa vipindi vifupi hadi geji ya oili ipande. Beringi mpya zisianze zikiwa kavu. Ikishawaka, usiiache izunguke polepole saa nzima kama wengi wanavyofanya, ringi hazikai kwa kulala. Iendeshe ikiwa na nusu ya mzigo, ipande na kushuka gia, isishikiliwe mwendo mmoja njia nzima, wala isipelekwe na mzigo kamili Mai Mahiu wiki ya kwanza. Dereva asafiri na chombo cha maji na namba yako ya simu, na asimame kila baada ya kilomita 50 kutazama chini ya gari na kugusa mabano ya mipira.

Kilomita 500, mwaga oili yote hata kama inaonekana safi. Kata chujio, likunjue kwenye jua, pitisha sumaku. Chenga chache laini ni za kawaida kwa injini inayozoeana. Weka oili mpya, andika kilomita kwenye kibandiko ndani ya mlango wa dereva, na siku hiyohiyo pitisha kidole ndani ya mpira wa hewa. Kitoke kikavu na safi.